Kidole cha Pili

Kidole kilikuwa kimoja. Muteti alikiinua, akakitazama, akakirudisha juu ya kioo cha simu, na kompyuta iliyokuwa ikiorodhesha kila mguso ikaandika vilevile: vidole viwili. Akakiinua tena. Kompyuta ikaandika kwamba kimoja kimeondoka. Kimoja, jamani! Kile kingine kilibaki palepale karibu na ukingo wa skrini, kimetulia, na juu ya kioo hapakuwa na kitu ila vumbi la Kitengela, ambalo halikosi mahali.

"Ni bug tu, kosa la programu," alisema Muteti, akamalizia chai yake.

Ndivyo walivyo hawa watu wa kompyuta. Mwambie mmoja wao kwamba nyumba inalia, atakuuliza paa ni la bati gani.

Muteti alikuwa Mkamba wa miaka thelathini na mbili, mpole, mwepesi wa kucheka, mzito wa kuuliza. Alikodi chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo kando ya barabara ya Namanga, yeye na mwenzake Namunyak, msichana wa Kimaasai. Namunyak alichora, Muteti aliandika code. Chumba kilinuka dawa ya kupe kutoka chini, na wateja wao walikuwa wameshazoea.

Kazi ya mwezi ule ilitoka kwa Eunice, mwalimu mstaafu wa Mashuuru. Ukoo wake ulikuwa mkubwa na umetawanyika. Watoto waliozaliwa Embulbul hawakuwajua wa Kiserian, na wa Kiserian wakikutana na wa Mashuuru walisalimiana kama wageni. Mwalimu alitaka mchezo wa simu kwa ajili ya mkutano wa Desemba. Kila mtu wa ukoo awe uso ndani ya duara. Mtoto aguse uso, auburute kwa kidole, auweke kwenye nyumba yake. Akikosea, uso unarudi ulikotoka.

Kazi ya Muteti ilikuwa kuufanya uso ufuate kidole. Rahisi, ukiisikia. Lakini mtu anaposhika simu, mara nyingi gumba lake nalo linagusa kioo, na lazima uamue uso ufuate kipi. Muteti aliweka sheria. Kidole kilichotangulia ndicho kinachoushika uso. Cha pili kingoje. Cha kwanza kikiinuka, cha pili kinarithi. Sheria hiyo aliipenda mpaka akamwonyesha mke wake, Nthambi, ambaye alisema "iko poa" akaendelea kuchambua maharagwe.

Kosa lenyewe lilifanyika wiki moja kabla, Namunyak akiwa likizo kwao. Mwalimu Eunice alikuwa ametuma picha zote na majina yake, isipokuwa moja: msichana wa miaka minne hivi, sweta ya kijani, shanga shingoni, anamcheka mtu ambaye picha haikumwonyesha. "Huyu weka uso tu, kwa nyumba yangu," mwalimu aliandika. "Jina usiweke."

Mtu mwingine angeuliza kwa nini. Muteti alijibu, "Sawa, Mwalimu." Kisha programu ikakataa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiamuru isimpokee mtu asiye na jina. Kuitengua amri ile kungemchukua nusu saa, na njaa ilikuwa imembana, basi penye pengo akaandika jina ambalo vidole vyake vililijua bila kufikiri, jina la binti yake. Celine. Na binti yake huyo, mwenye miaka minne vilevile, uso wake ulikuwa tayari ndani ya mchezo, maana ndiye aliyemtumia kufanyia majaribio tangu siku ya kwanza.

"Nitabadilisha baadaye," alijiambia. Sijui ni nani kwenye kazi hiyo hajawahi kusema hivyo, wala sijui ni nani aliyewahi kuifikia hiyo baadaye.

Turudi Jumanne ile ya kidole cha pili. Muteti alikuwa anaweka kikombe chini alipoona uso wa binti yake unasogea. Ulisogea kidogo, upana wa punje ya mahindi, kuelekea juu ya skrini palipochorwa nyumba ya Mwalimu Eunice. Hakuwa ameigusa simu. Kabla hajainyanyua aitazame, simu yake nyingine, ya kawaida, ililia. Ilikuwa shule ya chekechea.

"Baba Celine, usishtuke," alisema mwalimu wa watoto, na sauti yake yeye ndiyo iliyokuwa imeshtuka. "Mtoto amepatikana nje ya geti. Alikuwa anatembea tu. Tukimwita jina, hageuki."

Jioni Nthambi alimpakata mtoto, akamuuliza polepole alikuwa anaenda wapi.

"Kwetu," alisema Celine.

"Kwetu si ni hapa, mama?"

Mtoto alicheka, kama mtu mzima anavyocheka mtoto akikosea. "Hapa ni kwenu."

Nthambi alimfunika mtoto shuka, akatoka nje akasimama kwenye giza la ua akijishika mabega. Aliogopa, na hakutaka mumewe aone.

Jumatano Muteti alimpelekea simu Obonyo, fundi aliyekuwa na kibanda nyuma ya duka la dawa. Obonyo aliichukua, akaipuliza vumbi, akacheka.

"Hii tunaita ghost touch, mguso wa mzimu, Injinia. Kioo kikizeeka, ama ukitumia chaja feki, simu inajigusa yenyewe. Usiogope jina."

Akabadilisha kioo. Wakafungua mchezo. Vidole viwili. Wakaweka mchezo kwenye simu ya Obonyo mwenyewe, mpya, bado ina karatasi ya dukani. Vidole viwili, na kile cha pili kilikuwa mahali palepale kilipokuwa kwenye simu ya kwanza. Obonyo aliacha kucheka. Alifuta mchezo kwenye simu yake, akaisogeza ile ya Muteti kwa ncha ya bisibisi mpaka ukingo wa meza.

"Injinia, beba hii kitu yako."

Muteti alijaribu kuufuta uso wa binti yake. Ili kufuta ilibidi ubonyeze uso kwa kidole kimoja, usubiri. Vidole vikiwa viwili, programu inadhani umekosea na inakataa. Hiyo nayo ilikuwa sheria yake. Akaizima simu kabisa, akaikalia nusu saa nzima, akaiwasha. Uso ulikuwa umesonga tena, na safari hii haukusonga upana wa punje, ulisonga upana wa kidole. Alipofika nyumbani alimkuta Nthambi amekaa chini amejiegemeza mlangoni. Celine alikuwa amepanda juu ya ndoo akijaribu kufungua komeo.

"Baba Celine, hilo ni jini."

"Mama Celine, sisi ni watu wa kanisa."

"Na nani alikwambia jini linauliza dini?" Nthambi alinong'ona, maana mtoto alikuwa anawatazama. "Ita mchungaji. Usipomwita wewe, nitamwita mimi."

Mchungaji alikuja, mtu mwema, akamwekea mtoto mikono, akaomba mpaka shati likalowa. Mtoto aliombewa vizuri sana. Simu hakuna aliyemwambia habari zake, kwa sababu Muteti aliona aibu.

Alhamisi walimweka Celine nyumbani na mama yake. Muteti akaenda ofisini peke yake, mchana kweupe, malori yakinguruma barabarani na chini mtu akibishana bei ya chumvi ya ng'ombe. Kuna mahali kwenye simu unaweza kuiamuru ioneshe kila inapoguswa kwa kidoa cheupe. Watengenezaji programu hukitumia kila siku, na Muteti alijilaumu kwa kutokifikiria mapema. Akakiwasha. Akaweka simu juu ya meza, akakunja mikono kifuani.

Kidoa kilikuwa pale. Kidogo, cheupe, kidogo kuliko kinavyokuwa mtu mzima akigusa.

Kwanza ilikuja harufu. Dawa ya kupe ilipotea, na mahali pake ikaja harufu ya moshi mtamu na maziwa, harufu ya kibuyu kilichosafishwa kwa makaa ya moto, chumba kizima, hata kwenye mkono wa shati lake. Kisha sauti, ndogo, kavu, ti, ti, ti, ukucha juu ya kioo. Kidoa kikatoka ukingoni, kikapita katikati ya nyuso za watu wa Mashuuru bila kumgusa hata mmoja, kikafika juu ya uso wa Celine, kikatua, na uso ukaanza kupanda, polepole na bila kusita, na wakati huohuo simu yake nyingine ikaanza kulia na alipoipokea alisikia upepo, malori na pumzi za mke wake anayekimbia.

"Ametoka! Nimegeuka tu kuepua sufuria, nimekuta geti iko wazi! Namwona, yuko mbele, anaenda kwa barabara kubwa! Celine! Celine, simama!"

Muteti aliweka simu hiyo mezani, sauti juu, akapachika kidole chake kwenye uso wa mtoto. Uso haukumjali. Kidole chake kilikuwa cha pili, na yeye mwenyewe ndiye aliyeandika kwamba cha pili kingoje, basi akangoja, kidole kimebonyea mpaka ukucha ukawa mweupe, huku uso unapanda chini ya kidole chake na kutoka kwenye simu ile nyingine Nthambi anaita na honi ya lori inalia ndefu na mtu wa mbali anapiga kelele kwamba kuna mtoto barabarani, na midomo ya Muteti inasema Mungu wangu, Mungu wangu, bila yeye kujua kwamba inasema. Halafu kidoa kile kikainuka. Kiliinuka mara moja tu, kifupi, kama mtoto anayepumzisha mkono. Uso ukaruka, ukanasa kwenye kidole chake.

"Amesimama!" Nthambi alilia. "Baba Celine, amesimama! Yuko kwa lami, nimemshika, lakini hainuki! Ni mzito, jamani, ni mzito kama jiwe!"

Kidoa kilikuwa kimesharudi. Sasa hicho ndicho kilichongoja. Kilikaa kando ya kidole cha Muteti, karibu kigusane nacho, na Muteti aliapa baadaye kwamba alihisi ubaridi upande huo wa kidole.

Akaanza kuuburuta uso kurudi chini.

"Anatembea kinyumenyume," Nthambi alisema, na sasa alikuwa na kwikwi. "Unafanya nini? Ni wewe unafanya hivi?"

"Ni mimi. Kaa naye. Usimwachilie."

Mlango ukafunguka. Namunyak alikuwa amerudi kutoka likizo, begi begani, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Nani ameleta kibuyu hapa?" aliuliza, kisha akamwona. "Muteti? Uko na nini?"

Alimweleza kwa pumzi moja, bila kuinua macho. Namunyak alisogea, akainama juu ya skrini. Hakuuliza habari za kidoa. Aliitazama nyumba ya Mwalimu Eunice, na ndani yake msichana wa sweta ya kijani, na jina lililoandikwa chini yake.

"Nani alimpa huyu jina?"

"Mimi. Programu ilikuwa inakataa. Nilisema nitabadilisha."

"Huyu ni binti ya Mwalimu, na alishakufa, Muteti." Namunyak aliishusha sauti mpaka ikawa pumzi tu. "Kwa ukoo wao mtu akienda, jina lake halitajwi tena. Wanaenda kanisa kila Jumapili, lakini hiyo hawajawahi kuacha. Jina linaachwa lilale na mwenyewe. Wewe umemwamsha, ukampa jina la mtoto mzima, anayepumua. Sasa amekuja kuchukua kile umempa."

"Mfute! Laptop ndiyo hiyo, mfute!"

Namunyak alifungua orodha ya majina, mkono ukasimama hewani. "Unafuta kwa jina, si ndio? Hapa kuna Celine wawili. Nikifuta, nitafuta nani?"

Muteti alijua jibu. Programu ingefuta wote wawili. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye kidole, na kioo kikilowa simu hukosea kukihisi kidole, uso ukateleza, upana wa unywele, na kwenye simu ya pili Nthambi akapiga kelele, "Ananitoka!" kabla uso haujanasa tena.

"Badilisha jina basi! Weka lolote!"

"Ulishaweka lolote. Ona." Namunyak alikuwa tayari anatafuta namba kwenye simu yake. "Jina lake ni moja, na anayelijua ni mmoja."

Simu ilipokewa Mashuuru, sauti ikiwa juu. Kuku walisikika, na redio.

"Takwenya, Yeyo," alisema Namunyak, akimsalimu kwa Kimaa kama mama yake.

"Iko," Mwalimu Eunice aliitikia salamu kwa uchangamfu. "Mmemaliza kazi yangu?"

"Yeyo, nisamehe kwa kitu nitaomba. Nataka jina la binti yako. Yule wa sweta ya kijani."

Redio ilizimwa.

"Miaka sita," Eunice alisema. "Hata kwa maombi yangu, mimi na Mungu tu, sijalitaja. Wewe ni msichana wetu, unajua. Unaniombaje kitu kama hicho?"

Namunyak alifungua mdomo, na hapo lori likapita barabarani, karibu sana, wote walilisikia, na sauti ya Nthambi ikajaza chumba, haina maneno tena, sauti tupu ya mama aliyemkumbatia mtoto na kufumba macho.

"Ni nani huyo analia?" Eunice aliuliza.

"Ni mama yake mtoto," Namunyak alisema. "Yeyo, wako amemshika wa huyu mama. Anataka kuja naye kwako."

Mwalimu Eunice alivuta pumzi. Kisha akalisema.

Mimi silitaji hapa, na Namunyak aliyelisikia hajalitaja mpaka leo. Mwalimu alilisema mara ya kwanza kwa kunong'ona. Mara ya pili alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mama aliyesimama mlangoni jioni akimwita mtoto aje kula. Namunyak alikuwa analia, anaandika, machozi yanaanguka kwenye vitufe. Akabonyeza kuhifadhi.

Kidoa cheupe kikatoka kando ya kidole cha Muteti.

Ndani ya simu ile nyingine mtoto alianza kulia, kilio cha kawaida cha hasira. "Mama, miguu inaniuma! Mama, mbona unanifinya?" Na Nthambi akicheka na kulia akisema mama, mama yangu, wewe ni Celine wangu, twende, twende nyumbani, na watu wa barabarani wakiuliza ni nini, na hatua zao zikitoka kwenye lami na kuingia kwenye mchanga.

Muteti aliinua kidole. Uso wa binti yake haukusogea. Aliweka kichwa juu ya meza.

"Mtoto yuko sawa?" Eunice aliuliza.

"Yuko sawa, Mwalimu," Muteti alijibu, furaha imempanda, ulimi hauna mlinzi. "Ubarikiwe, Mwalimu. Ulimwita tu, akaitika."

"Akaitika?"

Namunyak alimpiga Muteti bega, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Ameitika," Eunice alirudia, polepole. Walisikia akitafuta miwani, akigusagusa simu yake. Alikuwa na mchezo ule tangu wiki iliyopita, ili awaambie picha zipi zimekosewa, lakini vidoa hakuna aliyemwashia. "Ni hiki kitu cheupe? Hiki kinachotembea?"

Kwenye skrini ya Muteti kidoa kilikuwa kimeingia nyumba ya mwalimu, kikapita uso wa msichana bila kusimama, kikatua juu ya uso wa Eunice mwenyewe.

"Yeyo, funga hiyo simu," Namunyak alisema. "Yeyo, tafadhali. Iweke chini, toka nje, ita jirani."

"Katoto kangu, kana kidole kidogo," alisema Eunice. "Hakajakua hata kidogo."

"Mwalimu, futa app!" Muteti alipiga kelele. "Ondoa mchezo wote kwenye simu! Nitakuonyesha, bonyeza tu..."

"Kijana." Sauti yake ilikuwa ya upole, sauti ya darasani. "Miaka sita nimefunga mdomo. Leo nimemwita mtoto wangu na amekuja. Unaniambia nimfute?"

Uso wa Eunice ulianza kusogea, ukaupita mlango wa nyumba, ukaelekea ukingo wa skrini ambako Namunyak hakuwa amechora kitu. Muteti alipeleka kidole, lakini kidole chake kilikuwa cha pili. Namunyak alikuwa anaita ndani ya simu kwa Kimaa, mfululizo. Walisikia simu ikiwekwa juu ya meza. Walisikia kiti, halafu kitasa cha mlango, halafu viatu vya mama vikishuka kwenye changarawe bila haraka. Kuku walinyamaza.

Kutoka mbali, nje ya nyumba ile ya Mashuuru, sauti ya Eunice iliwafikia mara ya mwisho, nyepesi, inacheka kidogo.

"Usikimbie, mama. Ngoja nijifunge kitenge, twende."